Simu Nayo Ipige Hodi

Katika adabu njema walizofunzwa Waislamu na dini yao, ipo moja ambayo watu wa nchi zetu hizi wameishika barabara, hata imekuwa desturi ya kila nyumba, ya Mwislamu na ya asiyekuwa Mwislamu. Adabu hiyo ni kupiga hodi. Mtu afikapo kwa mwenziwe, hata kama mlango u wazi na sauti za wenyewe zasikika ndani, hajiingilii tu. Husimama kando, akapaza sauti, akangoja. Akikaribishwa, huingia kwa salamu. Asipojibiwa, hurudia mara ya pili na ya tatu, kisha hushika njia akaenda zake, kama alivyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.). Na msingi wa jambo hili umo ndani ya Kurani Tukufu, katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, ambamo waumini wamekatazwa kuingia nyumba za watu pasipo ruhusa na salamu, na yule anayeambiwa arejee ameelekezwa kurejea. Wanavyuoni wamebainisha kuwa hekima kubwa ya hodi ni kulinda macho yasifike yasipopasa kufika, na kuwalinda watu wa nyumba wapate kukaa kwao kwa utulivu na stara.

Lakini, ndugu msomaji, katika nyumba zetu za leo yumo mgeni mmoja asiyeijua adabu hii. Mgeni huyo ni simu ya mkononi. Huenda mtu akasema: mbona simu hulia, na mlio wake si ndio hodi? La, si hivyo. Hodi si sauti tu. Hodi ni kungoja. Apigaye hodi yuko nje ya kizingiti, na hiari ya kufungua ni ya mwenye nyumba. Simu hulia ikiwa imekwisha ingia. Imo mkononi tunapozungumza na wazazi wetu, imo kando ya sahani tunapokula, imo chini ya mto tunapolala. Na ikishalia, haingoji; jicho limekwisha kwenda, na moyo umelifuata jicho.

Sisemi haya kwa kuichukia simu. Mimi ni mkazi wa Songea, nami najua tulivyokuwa kabla yake. Mtu aliyetaka kumjulisha ndugu yake wa Dar es Salaam habari za ugonjwa alitegemea barua au abiria wa basi, na jawabu lilikuja baada ya siku nyingi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikafuata, mtoto aliye mbali aweza kumtumia mzazi wake fedha za dawa kabla chai haijapoa. Mke wangu hununua maharage kwa wakulima na kuyauza kwa wateja walioko miji mingine, na sehemu kubwa ya biashara yake hupita katika simu. Neema ni neema, na kuikana ni kukosa shukrani. Ninalolisema ni kuwa kila neema ina mpaka wake, na mipaka tuliyokuwa nayo zamani imeondoka pasi na wengi wetu kutambua.

Na tuitazame mipaka hiyo ilikuwa ipi. Redio ilipoanza kuenea katika Tanganyika, baada ya kuanzishwa Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na pengine moja kwa mtaa. Ilikaa mahali pake, juu ya meza au kabati, na waliotaka kusikiliza ndio walioifuata. Wazee wetu walikusanyika kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na matangazo ya vifo yalisikilizwa kwa kichwa kilichoinamishwa. Kisha redio ilizimwa, kwani betri zilikuwa ghali na kila mtu alijua kuwa zikiisha leo, kesho hakuna habari. Televisheni nayo ilichelewa kuja Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, na ilipokuja ilikuwa ni chombo cha sebuleni, kinachotazamwa na wengi kwa pamoja, na akizimaye mmoja kimezimika kwa wote.

Hapa Songea tulikuwa na mpaka mwingine, nao ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mji wetu ulitegemea mashine za kuzalisha umeme kwa mafuta, na mgao ulikuwa jambo la kawaida. Njia kuu ya umeme kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018, tukaunganishwa na gridi ya Taifa, na furaha ya siku zile haielezeki. Fundi cherehani, mwenye kinu cha kusaga, mwenye jokofu la maji ya kunywa, wote walimshukuru Mwenyezi Mungu, nasi tungali tukishukuru. Lakini kabla ya hapo simu nyingi zilizimika jioni kwa kuishiwa chaji, na watu wakarudi kuzungumza. Giza lilikuwa likitufungia mlango pasipo sisi kuamua. Sasa giza limeondoka, na mlango umebaki wazi usiku kucha. Zamani uhaba ndio uliotuwekea mpaka. Leo hapana budi tujiwekee wenyewe kwa akili na kwa nia.

Wala asidhani mtu kuwa kushindwa kuiweka simu chini ni udhaifu wa imani peke yake. Chombo hiki kimesanifiwa ili kisiwekwe chini. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na kitabu kina jalada la nyuma. Msomaji akifika hapo hupata nafasi ya kujiuliza kama aendelee au aondoke. Mwaka 2006 msanifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa wa intaneti usiwe na mwisho, kila unaposogezwa unaleta mengine chini yake, na nafasi ile ya kujiuliza ikafutika. Baadaye msanifu huyo mwenyewe alieleza hadharani majuto yake kwa jinsi uvumbuzi wake ulivyotumika kuwashika watu. Na sababu ya kuwashika haifichiki: makampuni yenye mitandao hiyo hupata fedha kwa matangazo ya biashara, na kadiri macho yetu yanavyokaa kwenye kioo ndivyo matangazo yanavyoonekana. Basi tunapokaa mbele ya kioo kile saa mbili kwa jambo la dakika mbili, tujue kuwa bidhaa inayouzwa ni muda wetu. Na Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa afya na faragha ya wakati ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake.

Jambo hili lilipata jina nyumbani kwangu kwa kinywa cha mama yangu. Baada ya baba kufariki dunia, mama alihama Tunduru akaja kukaa nasi. Ni mtu mzima wa makamo ya juu, asiyeona vizuri, na aliyezoea nyumba yenye watu waingiao na kutoka. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Songea inapowakusanya watu wote karibu na jiko la mkaa. Tulikuwa sita katika ukumbi mmoja. Mama akawa anamweleza mjukuu wake khabari za bahari, jinsi babu yake alivyosafiri kwa miguu hata Lindi. Kila alipofika pahali, mwanga uliwaka mkononi mwa mmoja wetu, na uso wa huyo ukainama. Mama akanyamaza, akangoja uso uinuke, akaendelea. Mwanga ukawaka kwa mwingine, akanyamaza tena. Mwisho akauliza kwa upole, wala hakuwa akisuta, "Huyu mgeni mnayempokea kila mara, mbona simsikii akipiga hodi?"

Watoto walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwani neno lile lilikuwa zito. Mama ana haki katika nyumba ile ambayo hakuna kampuni wala kundi la WhatsApp lililo nayo. Haki ya mzazi imetajwa katika Kurani sambamba na amri ya kumwabudu Mungu mmoja. Naye alikuwa akingoja zamu yake nyuma ya mgeni asiyejulikana hata jina. Siku ya Ijumaa nikaifungua tena Suratun Nur, nikasoma zile aya za hodi hata nikafika aya ya 58, na hapo nikaona kuwa jambo letu lina jawabu.

Aya hiyo haizungumzii wageni wa nje. Inazungumzia wale waliomo ndani ya nyumba: watumishi na watoto wadogo, ambao kazi yao ni kuzunguka humo wakitumwa huku na huku. Hao hawakutakiwa kupiga hodi kila wanapopita, kwani ingekuwa taabu kwao na kwa wenye nyumba. Lakini hata wao wameagizwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa mchana watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya Sala ya Isha. Nyakati tatu hizo zimeitwa ni nyakati za faragha. Katika saa nyingine hapana lawama juu yao wakiingia na kutoka.

Tazama, ndugu yangu, wepesi wa dini yetu. Mtumishi hakufukuzwa nyumbani, wala hakuachiwa azunguke apendavyo usiku na mchana. Amewekewa nyakati. Na simu, tukiipima kwa haki, ni mtumishi: twaituma sokoni, twaituma benki, twaituma kwa ndugu walio mbali. Basi nayo na iwe na nyakati zake za kupiga hodi. Sisemi kuwa aya imeteremshwa kwa ajili ya simu, wala sitoi fatwa. Hilo ni la wanavyuoni. Nasema kuwa mwenye nyumba atafutaye kipimo cha busara hatapata kilicho karibu zaidi kuliko hicho.

Nililileta shauri hili nyumbani, nikasema simu zote zilale ukumbini juu ya kabati baada ya Isha, zisiguswe hata baada ya Alfajiri, na wakati wa chakula cha mchana na mapumziko yake zikae huko huko. Hawakulipokea wote kwa urahisi. Mke wangu alisema, na alisema kweli, kuwa magari ya mizigo huondoka mapema, na mteja anayepiga saa kumi na mbili asubuhi asipopokelewa humtafuta muuzaji mwingine. Tukakubaliana kuwa Alfajiri ikishasaliwa na adhkari kusomwa, simu yake iwe huru. Binti yetu wa sekondari akasema kuwa masomo yake mengine humo ndani ya simu, kwani walimu hutuma mazoezi. Tukampa saa moja baina ya Magharibi na Isha, akae mezani ukumbini mbele ya watu wote. Kijana wetu akasema simu ndiyo humwamsha. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote; nilinunua saa ya mezani yenye kengele, na udhuru ukaisha.

Lakini lilibaki swali moja ambalo mama ndiye aliyeliuliza, nalo lilikuwa la haki: "Je, akifa mtu?" Sisi sote tuna wagonjwa mahali fulani. Sisi sote tunajua kuwa khabari ya msiba haichagui saa. Mlango unaofungwa hata mwenye dharura asisikike si stara, bali ni ukatili. Kwa hiyo tukatafuta kitochi, simu ile ndogo ya kubonyeza isiyo na intaneti, tukaiweka ukumbini ikiwa na sauti kubwa. Namba yake tukawapa ndugu wa karibu na jirani wawili, tukawaambia: hii ndiyo hodi yetu ya usiku, mkiwa na jambo lisilongoja kupambazuka, pigeni hapa. Kwa kuwa haileti picha wala porojo, hakuna anayeitamani, nayo hulala peke yake kama mlinzi.

Miezi miwili ilipita bila ya kulia. Usiku mmoja ikalia saa nane. Mdogo wangu alikuwa akipiga kutoka Tunduru, mkewe yuko hospitali katika uchungu mgumu wa uzazi, na fedha zatakiwa. Nilimtumia zilizokuwapo, mama akaketi kitandani akishika tasbihi, na nyumba nzima ikawa macho katika dua. Kabla ya jua kuchomoza kitochi kililia tena: mama na mtoto wa kike wote salama, alhamdulillahi. Nalileta jambo hili kuonyesha kuwa mpaka ukiwekwa kwa akili hauzuii kheri. Usiku ule mlio ule ulikuwa na maana, kwa sababu haukuwa umechanganyika na milio mia isiyo na maana.

Mabadiliko niliyoyaona ni ya kawaida, wala sitayatia chumvi. Usingizi umerejea. Matabibu wanaeleza kuwa mwanga wa kioo cha simu wakati wa usiku huchelewesha ile homoni mwilini inayoleta usingizi, na sisi tumefundishwa tangu zamani kuwa Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, ila wanavyuoni wakaruhusu yale ya kheri, kama kumkirimu mgeni, kutafuta elimu na kuongea na ahali. Alfajiri nayo imekuwa nyepesi, na mtu hukutana na dua yake ya kuamka kabla ya kukutana na khabari za ulimwengu. Na mama humaliza hadithi zake. Kijana wetu sasa anajua majina ya mababu zake watano na vijiji walivyotoka, mambo ambayo hayamo katika simu yoyote, na ambayo yangezikwa pamoja na mwenyewe.

Kuhusu watoto wadogo, yafaa wazazi wajue kuwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya vioo vya namna hii, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mama aliyechoka na mtoto anayelia humpa simu anyamaze, nami simlaumu, kwani kazi za nyumbani ni nyingi na mikono ni miwili. Ila baba asiseme ni kazi ya mama. Na mtoto hafuati tunayomwambia, hufuata tunayofanya. Baba anayemnyang'anya mwanawe simu huku yake ikimulika usoni amejenga ukuta kwa maji.

Tusisahau pia kuwa mlango una pande mbili. Simu huingiza ya nje, na hutoa ya ndani. Picha ya binti ukumbini, sauti ya mke na mume wakigombana, hali ya mgonjwa kitandani, haya zamani yalizibwa na pazia. Leo kidole kimoja chaweza kuyafikisha kwa watu wasiohesabika, na yakishatoka hayarudi. Kadhalika khabari zinazotoka kwetu kwenda kwa wengine. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamuru kuchunguza khabari tunazoletewa kabla ya kuzifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Anayeisukuma mbele tanzia ya mtu aliye hai, au tuhuma juu ya jirani, kwa kuwa tu imemfikia kutoka kundi fulani, amemwingilia mwenzake nyumbani kwake bila hodi.

Na sisi tunaowapigia wengine tuna wajibu wetu. Yule aliyeambiwa arejee katika aya ya 28 hakupewa ruhusa ya kununa. Lakini sisi, tukiona alama mbili za samawati na jawabu halijaja, tunaandika mara ya pili, "Mbona kimya?" na mara ya tatu tunadhani tumedharauliwa. Pengine mwenzetu anasali, pengine analisha mgonjwa, pengine anamsikiliza mama yake. Tumdhanie kheri, turejee, tuje wakati mwingine. Hatuwezi kuwa na mipaka majumbani mwetu ikiwa kila mmoja anaivunja ya mwenziwe.

Kwenye milango ya misikiti yetu mara nyingi hubandikwa tangazo la kutuomba tuzime simu, nasi hutii bila kunung'unika. Tumekubali kuwa mbele ya Mola wetu mtumishi huyu hana nafasi. Nyumba si msikiti, lakini nayo ina heshima yake. Ndani yake kuna haki za mzazi, za mke, za mume, za mtoto na za mwili wenyewe, na kila haki itaulizwa. Basi kila mwenye nyumba na akae na ahali zake, washauriane, wachague nyakati zao kwa kadiri ya kazi na hali zao. Si lazima ziwe kama zetu. La lazima ni kuwa ziwepo, na kuwa mkubwa wa nyumba awe wa kwanza kuzishika.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na stara, atuafikie kuzitumia neema zake pasina neema hizo kututumia sisi, na awape umri mrefu wazee wetu tupate kuwasikiliza wangali nasi. Amin.